Usimtumie hata shilingi

Mwanangu,

Umeniuliza kama umpe mwenzio, yule mwanamke mpenzi wako, zile 20,000 anazodai, la sivyo picha zenu atazituma kwangu, kwa wajomba zako na kazini kwako. Usimpe. Ukilipa leo umemtajia bei, na mwezi ujao ataipandisha.

Usimbloku bado, wala usifute kitu. Piga picha ya skrini kila ujumbe, tarehe na saa zionekane. Jina ulilomwandikia kwenye simu halithibitishi chochote, kwa hiyo fungua wasifu wake uipate namba kamili. Hamisha mazungumzo yote yawe faili, ujitumie kwa barua pepe asiyoijua. Simu yenyewe usiiuze wala kuisafisha: ushahidi wa kielektroniki mahakamani huhitaji hati ya kueleza ulivyotolewa, kwa kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, na simu ndiyo chanzo.

Kisha funga milango. Kwenye WhatsApp tazama vifaa vilivyounganishwa, ondoa usivyovijua, weka PIN ya tarakimu 6. Gmail badilisha nywila, na usisahau namba ya kurejeshea akaunti. Wengi huiacha ikiwa ya mpenzi wa zamani, naye anaingia tena siku hiyo hiyo.

Ipo pia StopNCII.org, tovuti ya kuzuia picha za faragha zisisambazwe. Hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako, picha yenyewe haitoki, na Facebook, Instagram na TikTok huitumia alama hiyo kuizuia. Picha ikikatwa pembeni alama hubadilika, basi weka kila nakala uliyonayo. Inayotumwa WhatsApp moja kwa moja haizuiliki hivyo.

Polisi unawaogopa kwa sababu ya kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza ngono “kinyume cha maumbile”, ambacho Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo anayoitegemea. Lakini kifungu cha 37 cha Sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018 kinamwadhibu anayesambaza picha za faragha: faini hadi 200,000, kifungo hadi miaka 2, au vyote. Usiende peke yako. Nenda na wakili, lalamikia picha na vitisho tu, uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Ya chumbani huna lazima ya kuyajibu.

Najua kinachouma zaidi. Alikuwa mpenzi, rafiki na msiri wako, wote mtu mmoja. Wanawake wanaopenda wanawake hapo mjini mnajuana wote, kwa hiyo hata mkiachana mtakutana kwenye arusi na kwenye kilio. Usiwaite marafiki kikao wachague upande. Mwambie mmoja unayemwamini, basi. Na usimwanike naye kwao kulipiza. Mama yake hajui, na hatalijua kutoka kwetu.

Kitisho cha kuniambia mimi kimekwisha, umeniambia mwenyewe. Wajomba niachie. Ijumaa njoo na simu na chaja, tuyapange mazungumzo kwa tarehe na kuyachapisha, Jumatatu twende kwa wakili.

Mama yako