Kishimo kisicho na seli

Nilikuwa nikikuza seli za mfupa kwenye vishimo vidogo vya sahani ya maabara, nione ioni za metali (chembe za metali zenye chaji ya umeme) zinazifanya nini. Siku ya 21 nilimwagia seli zangu rangi ya alizarini, nikasuuza, na vishimo vyote nilivyoongeza kalsiamu vikabaki vyekundu kama damu. Rangi hiyo hushika kalsiamu, basi nikajua mfupa umeanza kujengeka. Nikamtumia msimamizi wangu picha kwa mbwembwe. Akajibu kwa swali moja: "Kishimo kisicho na seli kikoje?" Sikuwa nacho.

Nikarudia kazi yote, wiki 3 nyingine, safari hii nikiweka safu ya vishimo vitupu vyenye kimiminika kilekile cha lishe. Navyo vikawa vyekundu! Kalsiamu ilikuwa imekutana na fosfeti, ikaganda chini kama ukoko. Seli hazikuhusika hata kidogo.

Kwa hiyo ukitaka kujua ioni za metali zinazifanya nini seli za mfupa, panga kishimo kitupu kabla ya vingine. Halafu hakikisha seli zako zi hai, maana hata zilizokufa hujaa madini.

Zinki ndiyo iliyonitesa zaidi. Seli inaihitaji: fosfatasi alkali, kimeng'enya kinachoandaa fosfeti ya kujengea mfupa, hakifanyi kazi bila zinki. Nikadhani kuongeza ni kuneemesha. Kumbe ikizidi, seli zilizotandaa vizuri hujikunja zikawa vidonge, zikang'oka na kuelea. Tena kiasi ulichoandika daftarini sicho kinachozifikia seli, kwa sababu albumini, protini iliyomo kwenye seramu (majimaji ya damu tunayotia kwenye lishe), hukamata sehemu yake. Punguza seramu, na kiasi kilekile cha jana leo kinaua. Wala usiyeyushe zinki kwenye maji ya chumvi yenye fosfeti. Yatafanya utusitusi mbele ya macho yako. Tumia maji safi.

Magnesiamu ina upole wake, ila kimiminika cha kawaida tayari kinayo, takriban milimoli 0.8 kwa lita. Na ukiongeza kloridi ya magnesiamu umeongeza kloridi pia, kwa hiyo linganisha na kloridi ya sodiamu. (Hili nikilisema, wenzangu hucheka.)

Ukitumia kipande cha magnesiamu yenyewe badala ya chumvi yake, utaona viputo vya hidrojeni vikipanda na kimiminika, chenye rangi inayoonyesha uasidi, kikigeuka zambarau. Hapo pH, kipimo cha uasidi, imepaa: uasidi umepungua. Ipime kwanza, ndipo uilaumu ioni.