Kupima shingo ya kizazi au kuacha? Muulize daktari swali hili kwanza

Mwanangu wa kwanza ni njiti, wa wiki 31. Nilipopata mimba ya pili kila mtu alikuwa na neno. Mama mkwe alisema nisijitafutie presha kwa kupima kisichouma. Wifi, ambaye ni muuguzi, akasema nipime kila kinachopimika. Mimi nilimuuliza daktari jambo moja: majibu yakiwa mabaya, tutafanya nini ambacho bila kipimo tusingefanya?

Jibu lake ndilo lililoniamulia. Aliyewahi kujifungua kabla ya wiki 37 anaweza kupimwa urefu wa shingo ya kizazi kwa ultrasaundi ya ukeni, kati ya wiki ya 16 na ya 24. Ikiwa fupi, chini ya milimita 25, hatari ya kujifungua mapema huongezeka, na kuna la kufanya: projesteroni, yaani homoni ya kutunza mimba, ya kuweka ukeni kila usiku, au kuishona shingo yenyewe. Nikakubali. Hakiumi, kinakera tu, wala hakitoi mimba, ingawa mama mkwe hadi leo haamini. Ukiambiwa ile ya juu ya tumbo inatosha, uliza tena, maana kibofu kikijaa shingo huonekana ndefu kuliko ilivyo.

Kipimo kingine ni cha ute wa ukeni, kinachotafuta protini iitwayo fibronektini. Hicho nilikikataa. Kinamfaa zaidi mwenye dalili za uchungu: isipoonekana, mara nyingi hajifungui ndani ya wiki moja au mbili, ikionekana, bado wengi hawajifungui upesi. Kwa mtu asiye na dalili, kama mimi wakati ule, ni kununua hofu.

Huna historia ya njiti? Anza na kipimo cha mkojo kliniki. Maambukizi yanaweza kuwepo bila dalili, na yanatibika. Lakini ukiambiwa tu ulale kitandani miezi yote, dai sababu. Haijathibitika kwamba kulala huzuia njiti.

Shingo yangu ilikutwa na milimita 31. Nilifurahi, ila sikulegea, kwa sababu hata wenye shingo ndefu hujifungua mapema. Chagua mapema hospitali yenye wadi ya njiti. Maji yakitoka, damu ikionekana, au tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki 37, usisubiri kupambazuke: sindano za kukomaza mapafu ya mtoto zinahitaji saa kadhaa kabla hajazaliwa.