Kijana aingie kazi ya opereta wa loki na madaraja ya kuinuka au kompyuta zishamaliza?

Mkuu umeuliza kama mdogo wako akubali hiyo nafasi ya opereta wa loki na madaraja ya kuinuka, maana umesikia sahivi kila kitu kinaendeshwa na kompyuta. Mimi hio kazi nimeifanya nikiwa kibandani palepale kwenye maji, baadae nikahamishiwa kontroli rumu ya mbali naendesha kwa kamera, kwahiyo nakujibu kwa niliyoyaona pande zote mbili.

Kwa wasiojua, loki ni chumba kikubwa cha maji kwenye mfereji chenye milango mbele na nyuma. Meli inaingia, unafunga, unafungua vali maji yanajaa au yanatoka mpaka yalingane na upande inakoelekea, ndio unafungua mlango wa pili. Mara nyingi hakuna pampu kabisa, maji yanashuka yenyewe. Hata zile loki za zamani za Panama za mwaka 1914 zinapandisha meli mpaka ziwa Gatun, kama mita 26 juu ya bahari, kwa maji yanayoteremka tu.

Sasa watu wanadhani otomatiki imekuja juzi. Hapana. Panama hiyohiyo, tangu 1914 bao la kontroli lilikuwa mfano mdogo wa loki yenyewe, na chini yake vyuma vinavyofungana, ukitaka kugeuza mkono wa mlango kabla vali hazijakaa sawa mkono haugeuki. Kompyuta ya leo inafanya kilekile kwa programu. Na lazima iwe hivyo, kwasababu mlango wenye upana wa mita 10 uliozama mita 5, maji yakipishana sentimita 10 tu unasukumwa na nguvu ya kama tani 5, alafu mtu mwenye haraka anataka kuufungua. Kwahiyo kwenye kupanga hatua, kusoma kina na kuzuia mtu asibonyeze kitufe kabla ya wakati, mashine inatushinda na sina ubishi kwa hilo.

Kazi ninayoitetea mimi ni kuangalia. Chukua tishari, yaani chombo bapa cha kubebea mizigo, linashushwa. Tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, ikisogea nyuma sana karibu na mlango wa juu, pale chini kuna kizingiti cha zege, maji yakishuka tezi inakalia kizingiti na omo, yaani sehemu ya mbele, inaendelea kushuka, tishari linainama na linaweza kuzama palepale ndani ya chumba. Sensa ya kina hailioni hilo! Yenyewe inaona maji yanapungua vizuri, kila kitu kijani. Kamba nazo hivyohivyo, mtu akifunga kamba kwa nguvu akaenda jikoni, boti inaning'inia kwenye kamba wakati maji yanaondoka. Nikiwa kibandani nilikuwa nasikia kwanza kabla ya kuona, chuma kinasaga zege, mtu anapiga kelele, nafunga vali za chini hapohapo, alafu najaza maji upya kutoka juu taratibu mpaka tishari lielee tena. Kule kontroli rumu kamera zetu hazikuwa na sauti. Na usiku buibui wanatanda utando mbele ya lenzi kwasababu taa za kamera zinavuta wadudu, mpaka aje mtu wa kufuta wewe unaangalia utando.

Madaraja ndio yananiuma zaidi kwasababu pale wapo watembea kwa miguu ambao hata hawajui kama kuna mtu anawaendeshea daraja. Februari 2015 kule Zaandam Uholanzi mwanamke alikufa daraja lilipofunguliwa akiwa juu yake, na aliyefungua alikuwa mbali anaangalia skrini. Agosti 2022 Milwaukee, Marekani, mzee wa miaka 77 naye hivyohivyo, daraja linaendeshwa kwa kamera. Ila niwe mkweli, mwaka huohuo Februari, West Palm Beach kule Florida, mama wa miaka 79 alianguka na opereta alikuwepo palepale kibandani. Yaani kuwa karibu peke yake hakutoshi, unatakiwa uwe na nafasi ya kuangalia kila kona kabla ya kubonyeza, na upewe muda wa kufanya hivyo bila mtu kukusukuma kwenye redio.

Kwahiyo kazi haiishi ila watu wanapungua na wanahamia ofisini. Uholanzi wamehamishia loki na madaraja mengi kwenye vituo vya mbali. Kwenye njia ya mto St. Lawrence huko Kanada na Marekani meli nyingi sahivi hazifungwi kamba ndani ya loki, kuna pedi zinanyonya ubavu wa meli kwa vakyumu na kuishika wakati maji yanapanda na kushuka, kazi ya kushika kamba imepungua sana hapo na mikono mingi imepona pia, maana kamba ikikatika na mvutano ule haimwachi mtu.

Mdogo wako kwenye usaili aulize ataendesha madaraja mangapi kwa zamu moja, na kama mawili yanaweza kuwa yamefunguka kwa wakati mmoja mbele ya mtu mmoja. Aulize kamera zinasafishwa kila baada ya muda gani, kuna maikrofoni au hakuna, na kitufe cha kusimamisha kila kitu kikibonyezwa daraja linasimama hapohapo au linasubiri mtandao. Wakimwambia ni mawili kwa pamoja asichukue, kwa kweli asichukue. Wakimjibu vizuri aingie, ila aombe aanzie kwenye loki yenyewe kabla ya skrini, na pembeni asome haidroliki (mitambo inayosukumwa kwa mafuta) na umeme wa mitambo kwasababu mafundi wa kutengeneza hivyo vitu bado wanatafutwa sana.