Kabla hujanunua MIG ya tatu kwa moja, sikia yaliyonikuta Mikindani

Juzi saa tano usiku kijana mmoja wa Masasi kanitumia ujumbe: "Shikamoo njomba. Nimekusanya milioni mbili. Nataka mashine ya kuchomelea ya MIG, ile ya tatu kwa moja, ya karakanani na ya saiti. Nichukue ipi?" Akaambatanisha picha tatu. Katika picha zote tatu, kinachosomeka vizuri ni namba tu: 250, 270, 300.

Marahaba mwanangu. Kwa asiyejua, MIG ni kuchomelea chuma kwa waya unaotoka wenyewe kwenye roli, huku gesi ikiufunika mshono. Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaniuliza kulikoni. Nilicheka kwa sababu mwaka 2021 na mimi nilitoka Mtwara kwenda Dar es Salaam kununua namba.

Kabla ya hapo nilikuwa na transfoma ya kuchomelea ya kienyeji, ya koili ya shaba, niliyoundiwa na mzee mmoja hapa hapa mjini. Kuinyanyua watu wawili, ikiwaka inanguruma kama mzinga wa nyuki. Nimesomesha watoto kwa mashine ile. Tatizo lilianza wateja walipoanza kuja na picha kwenye simu: grili za maua, mageti ya skwea paipu nyembamba za milimita 1.2. Kwa rodi ya geji 12, ile fimbo ya chuma iliyovishwa unga, ukiteleza kidogo tu unatoboa paipu, halafu unakaa nusu saa unaziba tundu ulilolitoboa mwenyewe. MIG hapo ndiyo mahali pake. Waya wa milimita 0.8, unabonyeza na kuachia, unabonyeza na kuachia, hakuna ganda la kugonga, grenda inapita kidogo unapaka rangi. Hilo silikatai mpaka leo.

Basi msimu wa korosho ulipoisha, maana huku kwetu watu wakishalipwa korosho ndipo wanakumbuka kwamba nyumba haina geti, nikawa na akiba. Nikapanda basi mpaka Dar, kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani. Duka la kwanza kuingia ndilo nililonunua. Muuzaji akaniambia: hii inachoma waya, inachoma rodi, inachoma TIG, ile ya sindano na gesi ya argoni. Nikamuuliza swali moja tu, ampea ngapi? Akagonga kidole kwenye namba iliyoandikwa ubavuni: 250. Nikatoa milioni moja na laki nane, nikarudi na boksi nimelipakata kama mtoto mchanga, maana sikutaka likae kwenye buti.

Ile 250 ilikuwa jina la mashine. Nyuma, chini ya feni, palikuwa na kibati kidogo cha maelezo, nami nilikuja kukisoma baada ya miezi saba. Kilisema ampea 200 kwa asilimia 30. Maana yake ni kwamba katika kila dakika 10, ukifikisha ampea hizo, unachoma dakika 3 na dakika 7 mashine inapumzika. Na kipimo hicho kinachukuliwa kwenye joto la hewa la nyuzi 40. Karakana yangu ni mabati juu, mabati pembeni. Mchana wa Januari chini ya mabati ya Mtwara, kifaa kilichopimwa kwa nyuzi 40 hakina pa kupumulia.

Lakini miezi ya mwanzo sikuona kitu. Kazi za grili ni vipande vifupi vifupi, mashine inapumzika yenyewe wakati unapanga paipu. Nikapiga picha kazi zangu, nikaziweka kwenye simu, nikapandisha bei. Mafundi wenzangu walikuwa wanakuja kuangalia mshono na kuondoka bila kusema neno. Wivu wa fundi unaujua kwa ukimya.

Halafu ukaja Agosti. Mikindani, nyumba ya wageni inayotazama bahari. Uzio wa mita 38 wa skwea paipu pamoja na geti la gari, kila kitu kuchomelewa pale pale. Mwenye nyumba alinichagua kwa sababu ya zile picha.

Anayeijua Mikindani mwezi Agosti anajua kusi. Upepo unaanza saa nne asubuhi na haukuombi ruhusa. Mimi nimeweka mtungi wa gesi, nimefungua lita 12 kwa dakika kama karakanani, nachoma, nainua kofia, naona mshono umejaa matundu kama mkate wa kumimina. Gesi ya MIG kazi yake ni kufunika chuma kilichoyeyuka ili hewa isikiguse. Upepo ukiipeperusha, hewa inaingia, chuma kinaganda na vipovu ndani. Nikaongeza gesi mpaka lita 25. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu gesi ikitoka kwa kasi inajivuruga na kuvuta hewa yenyewe. Tukafunga turubai, likang'oka likaenda kutua kwenye mikoko. Siku ya pili mtungi umekwisha.

Nikasema basi, nitumie waya usiotaka gesi, ule wenye unga ndani. Nilikuwa nao, nilipewa roli moja kama zawadi dukani. Nikauvalisha. Cheche zikaruka kila upande, mshono umesimama juu ya paipu kama nta ya mshumaa, haujaingia ndani. Siku mbili nahangaika. Jamani, ndani ya kifuniko cha mashine palibandikwa mchoro: waya wa gesi, tochi (ule mkono unaotoa waya) inakaa kwenye chanya, waya wa unga, tochi inahamia kwenye hasi. Nati mbili na spana, kazi ya dakika moja. Sikufungua macho. Tena waya ule ni kama mrija, laini. Unahitaji rola (kigurudumu kinachosukuma waya) yenye meno. Mimi nilikuwa na rola laini ya waya mgumu, ikateleza, nikaikaza, nikaubapa waya ukakwama kwenye tochi.

Ikabaki rodi. Hapo sasa ndipo nilipovuliwa nguo. Umeme nilikuwa nauvuta kwa waya wa mita 50, wa milimita 1.5, ule wa kufungia taa. Piga hesabu: kwenda na kurudi ni mita 100, mashine ikivuta ampea 25, karibu volti 29 zinaishia kwenye waya kabla hazijaifikia mashine. Kama ukutani una 230 na jioni umeme wenyewe unashuka, mashine inapata nini? Rodi zikawa zinanasa. Nang'oa, inanasa, nang'oa. Taa ya njano ya joto ikawaka. Bosi amekaa barazani anakunywa chai, anatazama. Hakufoka hata kidogo, na bora angefoka.

Siku ya tano asubuhi simu: "Fundi, pumzika kwanza, nitakujulisha." Hakunijulisha. Wiki iliyofuata nimepakiwa bodaboda napita pale, namwona nani anamalizia uzio? Kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika kofia. Ana transfoma ya kienyeji, waya wa umeme mnene kama kidole gumba ameufunga karibu kabisa na mita, na paketi ya rodi za geji 12. Kusi linavuma, yeye anachoma. Rodi imejivisha unga wake, ukiungua unatoa moshi na ganda la kufunika chuma, upepo wa kawaida haumbabaishi. Alinipungia mkono. Sikumpungia. Nimeandika hili nikijua atalisoma.

Kwa hiyo, kijana wa Masasi, jibu langu ni hili: mashine ya MIG ya kwenda nayo saiti inunue kwa kuipima kwa rodi. Waya utakulisha karakanani. Saiti utakula kwa rodi, siku nyingi kuliko unavyodhani. Ukienda dukani, nenda na rodi zako mfukoni, za geji 10, na chache za aina ya 7018, zile za mishono ya nguvu. Hizo 7018 ni kali kuwasha, zinataka mashine yenye volti za kutosha kabla ya cheche kuanza, na mashine ya ovyo inazizima katikati ya mshono. Mwambie muuzaji awashe, uchome mbili mfululizo mpaka kishina. Akikataa, shukuru, toka nje. Maduka ni mengi.

Kisha soma kibati. Usisome ubavu, soma kibati. Tafuta ampea zilizoandikwa kwenye safu ya asilimia 60, hizo ndizo ampea zako. Mimi mashine niliyonunua mwaka 2023 ubavuni ina namba ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini kibati kinasema 200 kwa asilimia 60, na inavumilia umeme ukishuka. Nilikisoma kibati mara tatu kabla ya kutoa hela. Muuzaji alidhani mimi ni mkaguzi.

Fungua kifuniko uone kama tochi inahamishika chanya na hasi, maana zipo zisizohamishika, na uulize rola zenye meno zimo kwenye boksi au unazinunua. Tochi iwe ya kuchomoka, si iliyozaliwa na mashine. Tochi ndiyo inayokufa kwanza.

TIG? Mwanangu, TIG ya mashine hizi ni ya kugusa, ya umeme wa upande mmoja. Stenlesi itakuchomea, aluminiamu haitakuchomea hata ukeshe. Na inataka mtungi wake wa argoni tupu. Wangu nilikuwa naupeleka Dar kujazwa. Nimeitumia mara mbili. Usiilipie.

Jenereta ndilo linalowaaibisha wengi. Rodi ya geji 10 kwa ampea 120 ni kama kilowati 3 kwenye cheche yenyewe. Ukiweka na kinachopotea njiani, tafuta la kVA 5. Kuchoma waya kwa ampea 200, karibu kVA 8. Kale kajenereta ka duka la soda kaache kaendelee kupooza soda.

Na chumvi. Huku pwani roli la waya ukiliacha ndani ya mashine wiki moja linashika kutu, waya wenye kutu unakwaruza mrija wa tochi. Kila jioni nalitoa, nalifunga kwenye mfuko wa nailoni. Nunua roli za kilo 5, acha za kilo 15 kwa wenye viwanda.

Paipu za mabati ya zinki usizichome umejifungia, moshi wake unaleta homa usiku. Maziwa mnayoyanywa hayazuii moshi kuingia kifuani. Fungua mlango.

Ninachowalaumu vijana ni kwamba mnataka kuonekana mafundi kabla hamjawa mafundi. Mnaponda transfoma za wazee, na wazee wale walijua volti zao zinaishia wapi. Soma, uliza, pima. Mwaka huu nimeezeka ghala la korosho Nanyamba, kenchi zote nimechoma kwa rodi na jenereta, kabla minada haijaanza, na karakanani nilikuwa nimeandaa vipande vyembamba kwa waya. Mashine ile ile moja ya 2023. Mwenye ghala amenipa kazi ya pili bila kuuliza bei ya mtu mwingine.

Ile 250 bado ninayo. Ipo kwenye kona, inachoma grili vizuri tu, ndani, bila upepo. Yule kijana wangu wa Mikindani huja kuiazima akipata kazi ya paipu nyembamba, kwa sababu transfoma yake inazitoboa. Nampa. Ila roli la waya anakuja nalo mwenyewe.