Shkmeruli ya Racha: maziwa yasikatike

Ndugu, umeuliza kwa nini maziwa ya shkmeruli, mlo wa kuku kwa maziwa na saumu wa milima ya Racha nchini Georgia, yamekatika na kitunguu saumu kikawa kichungu. Tatizo ni moto. Kuku wa kilo 1.5 mpasue kifuani, mlaze bapa, mkaange akiwa amegandamizwa kwa kitu kizito hadi aive kabisa. Mtoe, bakiza kijiko kimoja cha mafuta. Twanga punje 10 za saumu na chumvi, zikaange nusu dakika tu kwa moto mdogo, umimine maziwa mililita 250 yenye uvuguvugu. Mrudishe kuku dakika 5. Maziwa yatoe mvuke, yasitokote. Divai ya Khvanchkara, nyekundu ya hukohuko Racha, ni tamutamu, hivyo ningeiacha mpaka baada ya mlo, ikiwa baridi.