Umeambiwa uombe ujumbe wa kamati ya kituo cha afya? Mimi nimekaa humo, soma kwanza

Mkuu nimeona swali lako. Umesema kwenye kata yenu limebandikwa tangazo la kuomba ujumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo cha afya, mtendaji kakushawishi uombe, alafu jirani yako akakwambia usipoteze muda, ile kamati kazi yake ni kunywa soda na kusaini alichoandika dokta. Mwishoni ukauliza kama kamati kama hiyo ingeweza kumsaidia mama yako kule hospitali ya rufaa ya mkoa alikozungushwa. Ntajaribu kujibu yote. Mimi nimemaliza muhula wangu wa miaka 3 kwenye kamati ya zahanati moja huku pembezoni mwa Dar, sitaitaja jina kwasababu watu wenyewe bado wapo kazini, na hili jambo linaniuma kuona watu wanalichukulia poa.

Omba. Jirani yako anachosema kipo kweli kwenye kamati nyingi tu, ila kamati haizaliwi ikiwa ya kusaini. Inafika huko kwasababu wajumbe hawajui kwamba saini yao ndo kitu ambacho mganga mfawidhi, yani mkuu wa kituo, hawezi kujitengenezea. Anaweza kuandaa mpango, anaweza kuandika muhtasari, anaweza kuagiza dawa, lakini kuna karatasi zinahitaji mwananchi aweke mkono pale chini, na mwananchi mwenyewe ndo wewe.

Anza na hela. Watu wengi wanadhani zahanati haina hela, kila kitu kipo halmashauri. Zamani ilikua karibu na hivyo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa wafadhili, ile tunayoita hela ya basket, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hata kama ni zahanati ya vyumba vinne. Ongeza hapo malipo ya papo kwa papo ya wagonjwa, ongeza marejesho ya bima ya afya kama NHIF. Kwahiyo kituo kina akaunti, kina mpango wake wa mwaka, kina bajeti, na huo mpango lazima upite kwenye kamati kabla haujaenda kwa mganga mkuu wa manispaa. Sasa jiulize, kama mpango unapita kwenu na nyie mnaupitisha ndani ya nusu saa bila kufungua kurasa, kosa la nani? Kwetu kikao cha kwanza tuligawiwa kopi moja watu wote! Mama mmoja mjumbe mwenzetu, mhasibu mstaafu, mpole kweli, akasema yeye hana shida na mpango ila hawezi kupitisha kitu ambacho hajakisoma, naomba kikao kiahirishwe kila mtu apate kopi yake. Mganga mfawidhi hakufurahi lakini hakua na la kujibu, ikabidi iwe hivyo. Kuanzia siku ile barua ya mwaliko wa kikao ilikua inakuja na makabrasha yake. Jambo dogo ila lilibadilisha kabisa vile vikao.

Hapo ujue kitu kingine, katibu wa kamati ni huyohuyo mganga mfawidhi. Mwenyekiti anatoka kwa wananchi lakini anayeita kikao, anayepanga ajenda na kuandika muhtasari ni yule mnayetakiwa kumsimamia. Sisemi ni mtu mbaya, wetu alikua mchapakazi tena sana, nasema mfumo umekaa hivyo na inabidi uujue mapema. Dawa yake ni mwenyekiti anayejua kusema "ongeza ajenda hii", na kusoma muhtasari wa kikao kilichopita neno kwa neno kabla ya kuuthibitisha. Kuna mara tuliazimia risiti za papo kwa papo ziletwe mezani tuzioanishe na taarifa ya benki, muhtasari ukaja umeandikwa "wajumbe walisisitiza uwazi katika mapato". Yani azimio limegeuka kuwa nasaha. Tukalirudisha, likaandikwa upya.

Dawa sasa, na hapa ntakaa kidogo maana ndo kwenye moyo wa kazi.

Gari la Bohari ya Dawa (MSD, wakala wa serikali anayesambaza dawa) likija kituoni, mzigo unatakiwa upokelewe mjumbe wa kamati akiwepo na asaini. Kinachotokea sehemu nyingi ni kwamba gari linafika jioni, dereva ana vituo vingine, nesi yuko peke yake na foleni ya wagonjwa, basi maboksi yanashushwa, karatasi inasainiwa kwa makadirio, mjumbe anapigiwa simu kesho yake apite kuweka saini. Mimi nilikua naishi karibu kwahiyo nikasema mnipigie hata saa 2 usiku. Na walinipigia. Nakumbuka mzigo mmoja tulishusha kwa tochi za simu maana umeme ulikata, tukawa tunasoma hati mstari kwa mstari, mimi nasoma jina la dawa na idadi, yule dada wa famasi anafungua boksi anahesabu kopo, dereva kasimama mlangoni anagonga funguo kwenye paja. Kwenye dawa ya presha hati inasema idadi fulani, boksi lina pungufu, na zilizopo tarehe ya kuisha muda ilikua imekaribia mno, zisingeweza kutumika zote na wagonjwa wetu wale. Dereva akasema sainini tu mtalimaliza na ofisi. Tukakataa kwa adabu, tukaandika upungufu na tarehe ya kuisha pembeni ya mstari uleule, wote tukasaini, na yeye akasaini. Ile karatasi ndo ilitupa nguvu baadae kwenye manispaa, maana bila hiyo tungekua tunabishana kwa mdomo.

Faida yake sio kumkamata mtu. Mgonjwa anapoambiwa dirishani "dawa hamna, kanunue nje", yeye anajua moja tu, kwamba wameiba. Na mara nyingine kweli imeibiwa. Lakini mara nyingi mliagiza kumi mkaletewa nne, na kituo kilitakiwa kikanunue pengo kwa mshitiri wa mkoa, yani muuzaji binafsi mwenye mkataba wa kuziba pengo la Bohari, kwa hela ya akaunti yake ila hakijafanya. Hayo ni makosa matatu tofauti na kila moja lina mlango wake. Kazi kubwa ya kamati ni kujua lipi ni lipi, na huwezi kujua kama hukuwepo mzigo ukishuka na huoni leja ya dawa. Omba leja kila kikao, chagua dawa tano tu zinazotumika sana, dawa mseto ya malaria, amoksilini, dawa ya presha, ya sukari, oksitosini ya kina mama wanaojifungua. Angalia kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, alafu nenda stoo ukahesabu. Huhitaji kuwa daktari kwa hilo. Na ukikuta duka la dawa la mtaani lina vidonge vyenye alama ya GOT, hiyo ni mali ya serikali, hapo sio suala la kikao tena, ni TAKUKURU, piga 113.

Kuna watu watakuchukia, nisikufiche. Mtaani kwetu nesi ni jirani, mnakutana msibani, watoto wanasoma shule moja. Ndo maana nasema usiende na hasira ya kukomoa. Yule nesi wa zamu ya usiku anazalisha peke yake, anafunga kidonda, anaandika daftari, na wakati mwingine glavu ananunua kwa hela yake. Sisi tulivyoanza kuuliza masuala yao pia, nyumba ya mtumishi inavuja, mlinzi hajalipwa, ndo wakaanza kutuambia ukweli wa mengine. Kwenye bajeti iliyofuata tukasimamia mlinzi alipwe kwanza.

Misamaha nayo usiiache. Mjamzito na mtoto chini ya miaka 5 matibabu yao ni bure kwenye vituo vya serikali, na mzee wa miaka 60 kwenda juu asiye na uwezo pia. Watoaji huduma wanajua, ukutani limebandikwa bango, lakini dirishani bado unasikia mama anaambiwa aje na glavu na pamba. Kwa mzee ni ngumu zaidi maana kuna hilo neno "asiye na uwezo", nani anaamua? Afisa ustawi wa jamii. Na zahanati nyingi hazina afisa ustawi wake, yupo wa kata au yupo manispaa, kwahiyo mzee anatoka nyumbani na goti linamuuma, anafika anaambiwa leta barua, anarudi kwa mwenyekiti wa mtaa, hajamkuta, siku imeisha. Mzee wa watu mmoja pale kwetu, fundi cherehani wa zamani, aliacha kabisa kuja kuchukua dawa zake za sukari kwasababu hiyo. Tulichofanya, tuliwaomba wajumbe wa mashina waorodheshe wazee wote wa mitaa inayotumia zahanati, afisa ustawi akaja siku moja akakaa nao uwanjani chini ya mwembe akawahakiki, majina yakapelekwa manispaa kwa ajili ya vitambulisho vya matibabu. Ilichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili na wengine walifariki kabla. Hilo mimi bado sijalisamehe.

Sanduku la maoni ntapita haraka. Kama funguo anakaa nayo mfawidhi basi halina maana, sisi tulikubaliana kufuli mbili, moja ya kwake moja ya mwenyekiti, linafunguliwa siku ya kikao mbele ya wote na kila karatasi inasomwa kwa sauti.

Alafu hili naona ndo watu wengi wanakosea, kamati inamaliza kikao na mambo yanabaki ndani ya chumba kile. Nyie mmechaguliwa kwa niaba ya wananchi, rudini kwa wananchi. Kwenye mkutano wa mtaa ombeni dakika kumi, someni hela iliyoingia, iliyotumika, dawa zilizokosekana na kwanini. Mara ya kwanza watu walikua wanasinzia, mara ya pili kina mama wakaanza kuuliza maswali makali kuliko yetu. Na diwani akisikia jambo limesemwa mbele ya wapiga kura wake hawezi kulisahau, analibeba mpaka manispaa kwenye kamati ya kudumu ya uchumi, afya na elimu, na huko ndo mganga mkuu anaulizwa rasmi. Vikao vya baraza la madiwani mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, nenda siku moja ukae nyuma, utajua diwani wako anaongea au anachapa usingizi. Na kila mwaka ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya serikali za mitaa ikitoka, mara nyingi mwezi wa nne, tafuta manispaa yako humo usome, ni kubwa lakini ipo kwa wote.

Sasa ya mama yako, na pole sana. Kamati ya kituo haitakusaidia kule. Hospitali za rufaa za mikoa, kwa hapa Dar ni Amana, Temeke na Mwananyamala, zilitolewa TAMISEMI (inayosimamia halmashauri) zikahamishiwa Wizara ya Afya kuanzia mwaka 2017, kwahiyo diwani wako akisimama barazani kulalamikia hospitali hizo hana mtu wa kumjibu, labda kwa hisani. Watu wanapoteza miezi kwa kugonga mlango ambao sio. Malalamiko ya kule yaandike kwa mganga mfawidhi wa hospitali yenyewe, nakala kwa mganga mkuu wa mkoa na wizarani, na kama suala ni gharama omba kitengo cha ustawi wa jamii palepale hospitali, kipo, waulize mapokezi watakuelekeza chumba. Andika tarehe, namba ya faili, jina la wodi na ulichoambiwa, ambatanisha risiti zote zenye kontrol namba. Kama kuna hela ulitoa bila risiti iseme pia kwenye barua. Nakala ya pili ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa ukae nayo mwenyewe, wakikwambia barua haionekani unawaonyesha.

Ila barua ya rufaa ya mama yako ilitoka kituo chenu cha kata si ndio? Kama ilicheleweshwa pale, kama ulivyoandika kwamba alikaa siku nzima kusubiri gari la wagonjwa alafu mkaambiwa mchangie mafuta, basi hiyo sehemu ni ya kamati unayoombwa ujiunge nayo. Uliza mafuta ya ambulansi yamewekwa wapi kwenye bajeti ya mwaka huu. Tangazo linafungwa lini huko kwenu? Nitumie PM nikusaidie kuandika barua ya maombi.