Dada wa Shela, usilipe hiyo Ijumaa

Zuia hiyo pesa. Salamu nitakupa baadaye.

Umeandika hapa jukwaani kwamba mgongo unakuuma kila alfajiri, kwamba kuna mtu Mombasa amekutumia picha ya godoro "la othopediki", yaani eti la tiba ya mifupa, gumu, tano kwa sita, inchi nane, na kwamba Ijumaa unamtumia hela kwa simu ili alipakie basi la Mokowe, kule bara tunakopandia boti za Lamu. Nimesoma nikahisi kiuno kimenivuta. Hilo godoro nalijua. Mpaka maneno ya muuzaji ni yale yale niliyoambiwa mimi: "Mgongo mgonjwa unataka kitu kigumu."

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Langoni, hapa mjini Lamu. Nachonga milango na vitanda, na huu ni mwaka wa ishirini nimeinamia patasi. Mgongo wangu zamani ulikuwa wa jioni tu, nikilala asubuhi umepoa. Baadaye ukageuka, nikawa naamka nao. Godoro letu la sponji lilikuwa limebonyea katikati kama dau, mimi na mama watoto tunakutana chini usiku tupende tusipende. Kwamba lilitaka kubadilishwa, hapo sikukosea. Nilikosea kwa lililofuata.

Nilimpigia simu muuzaji. Hakuniuliza nalala ubavu au chali. Hakuuliza uzito wangu wala wa mke wangu. Aliuliza kitu kimoja: "Una elfu thelathini na mbili?" Nikasema ninazo. Akasema basi mgongo umepona.

Godoro likafika Mokowe. Kwanza wapagazi watatu walijaribu kulikunja liingie kwenye boti, likakataa. Nilisimama pale nikajisifu kwamba nimenunua kitu imara, badala ya kujiuliza mimi mwenyewe nitakunjika vipi juu yake. Tulipofika Lamu, mwenye punda alilitazama, akamtazama punda, akaondoka na punda wake. Vichochoro vyetu unavijua. Likabebwa na vijana wanne vichwani, limelala bapa, wanatembea polepole kwa hatua moja. Wazee wa barazani wakasimama wote, mmoja akauliza nani amefariki. Wallahi sikucheka siku ile, lakini mzee yule aliona mbali.

Mamangu alilibonyeza kwa kiganja mara moja tu. "Mwanangu, yeo umenunua godoro au umenunua sakafu?"

Usiku wa kwanza nilijiambia ni ugeni. Mimi hulala ubavu wa kulia. Saa nane nikaamka mkono una ganzi kuanzia begani mpaka kidole cha mwisho. Nikageuka kushoto, nyonga ikawaka moto. Nikalala chali, chini ya kiuno pakabaki uwazi ambao paka angeweza kupita, na mgongo mzima unajishikilia wenyewe kama mtu aliyening'inia kwenye mlingoti. Nilikuwa nageuka mpaka adhana. Mke wangu alianza kwenda kulala na watoto, na sikuwa na la kumwambia.

Nikampigia muuzaji. Akasema mwili unazoea, nipe siku thelathini. Baada ya thelathini akasema kwa mtu wa umri wangu ni sitini. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili! Baada ya sitini akasema huenda tatizo ni kitanda. Mimi, fundi wa vitanda, naambiwa na mtu aliyeketi dukani kwamba kitanda changu cha mbambakofi ndicho kibovu. Nikamwambia basi nirudishie hela, akasema plastiki imeshatolewa. Nikamkumbusha waranti ya miaka kumi, akanisomea: waranti ni ya kubonyea tu. Bwana, lile halibonyei! Mlaze punda juu yake mwaka mzima, atakayebonyea ni punda.

Nilistahimili miezi minne. Miezi minne, dada. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimelipa. Ukitoa 32,000, ukaongeza basi, boti na wale vijana wanne wa jeneza, huwezi kukiri mbele ya mtaa kwamba umenunua ubao. Tena ubao ninao karakanani, ningejilalia bure. Lakini hasara yenyewe hasa haikuwa hiyo. Nilikuwa na mlango wa kuchonga wa mteja, kazi ya wiki sita. Siwezi kuinama zaidi ya robo saa, usingizi sina, mkono umekufa ganzi nikakata ua lililokuwa halitakiwi kukatwa. Nikarudisha malipo ya awali, 15,000. Hiyo hesabu muuzaji haimo katika risiti yake.

Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Nilikwenda nikitarajia dawa. Akaniuliza nalalia nini, nikamjibu kwa majivuno, "Othopediki." Akacheka. Akasema neno hilo mwenye cherehani yeyote anaweza kulishona kwenye kitambaa cha godoro, halithibitishi kitu. Akaniambia nikafungue zipu ya kava nichungulie ndani. Nilipofungua nikaona vipande vya sponji vya rangi kumi, bluu, waridi, kijani, masalio yaliyobandikwa gundi na kukandamizwa. Ndiyo maana lilikuwa zito na halikunjiki. Sisemi sponji ya vipande ni uchafu, ina kazi zake. Lakini nililipia tiba nikapewa makombo.

Halafu akanieleza jambo ambalo lingeniokoa kama ningelijua. Zamani hata madaktari walikuwa wakiwaambia wagonjwa wa kiuno walale pagumu, wengine wakiambiwa waweke ubao chini ya godoro. Kwa hiyo muuzaji hakulitunga neno lake, alilirithi. Ila mwaka 2003 watafiti wa Hispania walichapisha kwenye jarida la kitabibu la Lancet utafiti wa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Nusu walipewa godoro gumu, nusu la ugumu wa wastani, kwa siku 90. Walioamka na nafuu zaidi ni wale wa wastani, kitandani, wakati wa kuinuka na hata katika shughuli za mchana. Kipimo chao kilianza na 1 kwa gumu kabisa mpaka 10 kwa laini kabisa. Yale magumu yalikuwa 2.3, ya wastani 5.6. Langu nahisi lilikuwa sifuri, lakini hawakunialika.

Sababu yake hata seremala anaielewa. Mgongo haukunyooka kama rula, una mapindo. Ukilala ubavu, bega na nyonga vinatokeza na ndivyo vizito. Godoro likigoma kabisa, vinabeba mzigo wote, na kiuno kinabaki hewani. Likiwa laini mno, nyonga inazama na mgongo unajipinda kama upinde. Unataka linalokubali bega lizame kidogo huku kiuno kimeshikwa. Na usidanganywe na "hai densiti" nayo. Densiti ni uzito wa sponji kwa ujazo wake, kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo; inakuonyesha litadumu kiasi gani kabla ya kubonyea, haikuambii kama ni gumu au laini. Huku kwetu maneno hayo mawili, densiti na ugumu, yameoana bila kadhi.

Na ule ukakamavu wa dakika za kwanza asubuhi, kidogo chake ni wa kila mtu. Zile diski laini zilizo kati ya pingili za mgongo hufyonza maji usiku, ndiyo maana alfajiri wewe ni mrefu kuliko jioni kwa kama sentimita moja au zaidi. Mgongo ukikaza kidogo kisha ukalegea ukishatembea, usiogope. Ila ukihisi ganzi inashuka mguuni, mguu unapoteza nguvu, au mkojo haushikiki, hapo usiulize mambo ya magodoro jukwaani, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nilipotoka pale, unadhani nilitia akili? Nilirudi nyumbani nikauvuta ulili wa bibi uliokuwa darini, wa kamba, pamoja na godoro lake la sufi. Usiku wa kwanza nililala kama mtoto. Nikatangaza mpaka msikitini kwamba wazee wetu walijua. Wiki ya pili kamba zikalegea, sufi ikakimbilia pembeni, nikawa naamka nimejikunja kama kamba wa baharini. Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa na kilo labda arobaini na tano, na kamba zake zilikuwa zikikazwa. Mimi nina tisini na mbili. Nilitoka kwenye jiwe nikaingia kwenye jarife.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo nimeliandikia yote hayo: usilipie godoro ambalo hujalilalia. Kulilalia si kulikalia, si kulibonyeza kwa ngumi kama unachagua tikiti. Vua viatu, lala kama unavyolala kwako, robo saa nzima, na kama mnalala wawili, mlale wawili.

Mimi nililifanya, na lilikuwa aibu ya mwaka. Nilikuwa na safari ya Malindi, nikamchukua mke wangu, tukaingia duka la magodoro saa tano mchana. Nikamwambia kijana wa duka, "Tunataka kulala." Ikabidi nieleze upya. Tukajilaza, yeye na buibui lake, mimi na kikoi, tunatazama feni. Watoto wa shule wakajaa mlangoni. Mama mmoja akauliza kama kuna mgonjwa. La kwanza, dakika ya saba bega likaanza kulia. La pili nikazama. La tatu, mke wangu alisinzia. Nakwambia alisinzia, akakoroma kidogo (akisoma hapa nimekwisha). Chali, nilipitisha kiganja chini ya kiuno: kilipita kwa kusuguana, hakikupwaya wala hakikugoma. Sponji nzima, si vipande, nilifungua zipu kwanza. Shilingi 19,500. Chini ya lile "la tiba" kwa zaidi ya elfu kumi na mbili. Siku kumi hivi mkono uliacha ganzi. Mgongo ulichukua muda zaidi, na mazoezi niliyopewa nayafanya mpaka leo, kwa hiyo sitakudanganya kwamba godoro peke yake lilifanya kazi yote.

Utaniambia Shela hakuna duka la namna hiyo. Panda boti uje mui, yaani mjini Lamu, zunguka, uliza. Hakuna? Wewe umesema unafanya kazi nyumba ya wageni. Una vyumba vingapi pale, vina magodoro mangapi tofauti? Omba ruhusa, lala kila moja robo saa, lile litakalokufaa funua shuka usome lebo. Na kabla hata ya hapo, inua godoro lako la sasa utazame vibao vya kitanda. Nusu ya watu wanaoniletea vitanda wakilaumu godoro, nakuta kibao cha kati kimevunjika tangu harusi.

Na kama kuna mtu hapa ameshanasa na gumu kama mimi: tandika juu yake sponji laini ya inchi mbili kabla hujakata tamaa, gumu linaweza kulainishwa. Lililobonyea halina dawa. Mimi hili nililijua nikiwa nimeshalikatakata lile langu. Sasa ni viti vya baraza. Wazee wanakaa dakika kumi wanaomba mkeka.

Uliuliza pia habari ya mto, na lile godoro la mtoto, na kitu kingine ambacho nimekisahau. Mto mimi nalalia wa sufi, umebaki wa bibi, sina ninachojua zaidi. La mtoto wajibu wengine.

Ijumaa ikifika ukiwa umeshatuma hela, nakuomba usiniambie.